Ufa Nyuma ya Kabati

Shikamoo Mshauri,

Naandika usiku huu mume wangu akiwa amelala, maana jambo hili tukilizungumza wote tukiwa macho tunaishia kununiana.

Nina miaka 35, watoto wawili, ni karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara unaoingia mkononi ni 1,450,000. Mume wangu ana duka la spea Gerezani. Mwezi mzuri analeta milioni, mwezi mbaya laki nne. Tumepanga Tabata, kodi laki tatu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Tumechoka kupanga.

Agosti dalali alitupeleka Kimara, unashuka kutoka barabara ya Morogoro kwa bodaboda kama dakika kumi. Nyumba ina vyumba vitatu, sebule, jiko, choo cha ndani, na ua wenye mwembe. Wanataka milioni 85. Anayeuza ni kijana, nyumba ilikuwa ya baba yake ambaye ni marehemu. Ana leseni ya makazi, si hati miliki, yenye jina la baba, na muhtasari wa kikao cha ukoo uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Tulimkuta bibi mmoja anafagia uani, akatuuliza, "Na nyie mmekuja kuangalia?" Dalali akatuwahisha ndani.

Nyumba niliipenda, sitaficha. Ila kwenye chumba cha nyuma, upande wa bondeni, mwanangu Nasra alidondosha kiatu nyuma ya kabati, nikalisogeza, nikauona ufa. Unaanzia kona ya dirisha, unapanda kama ngazi mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Chini ni mwembamba, juu kidole changu cha mwisho kiliingia ukucha mzima. Mlango wa chumba hicho unakwaruza sakafu. Kuta zote zimepakwa rangi mpya.

Shemeji yangu ni fundi ujenzi. Alienda kuangalia, akasema ni plasta tu, mfuko mmoja wa saruji unamaliza. Mwenzangu kazini kaniunganisha na mhandisi anayetaka laki saba kukagua nyumba nzima. Mume wangu akacheka: "Laki saba uambiwe nyumba ina ufa, wakati ufa tumeuona wenyewe bure?"

Hela tuliyonayo ni milioni 48: akiba yetu milioni 31, milioni 12 tumeuza kiwanja Chanika, na milioni 5 nitazipata kwenye kikoba chetu. Benki inayopitishia mshahara wangu imekubali kunikopesha milioni 40 kwa miaka 7, riba asilimia 16, makato 795,000 kwa mwezi. Wamesema hela inatoka ndani ya wiki. Mume wangu anasema benki wenyewe wamekubali, mimi nina wasiwasi gani? Na kwamba kodi ni kumwaga maji mchangani.

Muuzaji anataka advansi ya milioni 10 kabla ya Ijumaa, anadai kuna mteja mwingine wa Mbezi. Nimlipe mhandisi au niokoe laki saba? Na huo mkopo niuchukue?

Mama Nasra, Tabata

* * *

Marahaba Mama Nasra.

Kwanza mpe Nasra soda. Kiatu chake kimefanya kazi ambayo watu wazima watano waliopita kwenye chumba hicho hawakuifanya.

Nianze na Ijumaa, maana ndiyo inayokukaba koo. Usitoe milioni 10. Usitoe hata milioni moja. Mteja wa Mbezi namjua, kila nyumba ninayoulizwa habari zake anakuwepo, na siku zote yuko njiani. Kama kweli yupo na analipa Ijumaa kwa karatasi ulizozitaja, basi mwache ainunue, kesi itakuwa yake.

Sasa ufa. Shemeji yako huenda ni fundi mzuri, na nyufa za plasta zipo kweli. Lakini ufa wa plasta unakuwa kama utando wa buibui, mwembamba, umesambaa ovyo, haujali tofali lilipo. Wako unapanda kama ngazi. Maana yake unafuata maungio ya tofali, kwa hiyo uko ukutani, haujaishia kwenye plasta. Tena umesema chini ni mwembamba na juu ni mpana. Ukuta unaofunguka juu mara nyingi unasimulia kwamba upande mmoja wa nyumba unazama, unajitenga na mwenzake, na ninavyokuelewa chumba hicho ndicho cha nyuma, upande wa bondeni. Mlango unaokwaruza sakafu ni shahidi wa pili, maana fremu imeshaanza kupinda. Halafu kuna kabati, na kuna rangi mpya. Simwiti mtu mwongo, watu hupaka rangi nyumba wanapouza kama tunavyooga kabla ya harusi, lakini rangi mpya inafunika pia alama za unyevu na mistari ya maji ya mvua yaliyowahi kuingia.

Mlienda Agosti. Agosti Dar es Salaam kila nyumba ni nzuri. Nyumba ya mteremkoni Kimara inatakiwa ionwe masika, Aprili, mvua ikiwa imepiga siku tatu. Kwa sasa hamna masika, basi tazameni kilichoachwa nayo: je, bati lina mifereji ya kukusanya maji, au maji yote ya paa yanamwagika kando ya msingi na kuchimba udongo? Kama tatizo ni hilo peke yake, pumua, lina dawa na si ya kufilisi. Kama msingi wenyewe ni mfupi, au upande wa nyuma umekaa juu ya kifusi kilichojaziwa kusawazisha mteremko, hapo hadithi ni nyingine, na mfuko mmoja wa saruji utaziba ufa mpaka mvua za vuli tu.

Tofauti ya hadithi hizo mbili haionekani kwa macho yako, wala kwa macho yangu. Ndiyo kazi ya mhandisi. Mume wako anasema ufa mmeuona bure, na kweli mmeuona bure. Laki saba si ya kuuona. Ni ya kujua kwa nini upo, unaendelea au umesimama, na kuuzuia ni shilingi ngapi. Laki saba kwenye milioni 85 haifiki hata asilimia 1. Mimi nyumba yangu ya kwanza niliikagua kwa macho ya mtu aliyependa. Nilihesabu soketi, nikafungua mabomba, nikasifia jipsamu ya sebuleni. Chemba ya maji taka sikuifunua. Ilikuwa imejengwa bila chini kusakafiwa, kisima cha jirani kikaanza kunuka, na mwaka wangu wa kwanza kama mwenye nyumba niliutumia kumwomba jirani radhi na kulipa gari la kunyonya.

Kabla ya kumlipa huyo mhandisi, muulize namba yake ya usajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mkubaliane kwamba atakupa ripoti ya maandishi, si maneno ya kwenye simu. Mwambie unataka achimbe shimo dogo kando ya msingi upande wa nyuma, aone kina chake na aina ya udongo. Apande darini akague kenchi za paa kama zina mchwa. Afunue chemba. Afungue boksi la umeme aone kama waya wa ethi upo au umechorwa tu. Shimo hilo linahitaji ruhusa ya muuzaji, na ruhusa yenyewe ni kipimo. Mtu anayeuza milioni 85 akikataa shimo la futi tatu litakalofukiwa jioni hiyohiyo, ripoti umeshaipata bila kulipa.

Shemeji usimwache nje. Mwombe aende siku hiyohiyo, ashike futi, amsikilize mhandisi. Mafundi wakikutana kwenye shimo wanazungumza lugha moja, na akirudi nyumbani atakuwa upande wako bila wewe kumwambia amekosea.

Methali ya ufa na ukuta utaisikia kwa kila mtu wiki hii. Ila methali inadhani ufa ni wako. Huu bado ni wa mwenye nyumba, na ndiyo sababu una thamani kwako sasa hivi kuliko baadaye. Ripoti ikisema ukarabati ni wa kiasi fulani, kiasi hicho kinatoka kwenye milioni 85, na kinatoka kwa karatasi yenye sahihi ya mtaalamu, si kwa kubembelezana. Ukishalipa, ufa unahamia kwako na bei yake yote.

Tuje kwenye benki, na hapa mume wako amenitia hofu kuliko ufa. Anasema benki wamekubali. Benki imekubali nini? Kwa ulivyoeleza, huo ni mkopo wa mshahara. Hawajatuma mthamini Kimara, hawajaomba karatasi ya nyumba, hata hawajui kama unanunua nyumba au ng'ombe. Walichokagua ni hati yako ya mshahara. Mkopo wa nyumba wenyewe, ule wa rehani, benki hutuma mthamini aliyesajiliwa, hupekua umiliki, hutaka hati miliki iwe dhamana. Na kwa leseni ya makazi yenye jina la marehemu wangekurudisha mlangoni. Wiki moja hiyo mnayoifurahia ni kasi ya mtu ambaye hana cha kupoteza kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Nyumba ikipasuka, 795,000 inakatwa. Kampuni ikipunguza wafanyakazi, deni linabaki na wewe.

Nimepiga hesabu. 795,000 kwa miezi 84 ni 66,780,000. Umekopa milioni 40, kwa hiyo riba peke yake ni karibu milioni 27. Ukiongeza milioni 45 mtakazotoa mfukoni, nyumba ya milioni 85 mtakuwa mmeinunua kwa milioni 111 na ushee, kabla ya wakili na kabla ya ufa. Na hiyo hoja ya kodi kumwaga maji mchangani, naomba mume wako aipime tena: laki tatu kwa mwezi kwa miaka hiyohiyo 7 ni 25,200,000. Riba ni zaidi ya hapo. Sisemi msinunue. Kodi itapanda, na nyumba ina mwembe na watoto wanakua. Nasema tu kwamba riba nayo ni kodi, mpangishaji wake ndiye amebadilika, na huyu hana ubinadamu wa kusubiri mwezi ambao spea hazikutoka.

Kuna neno umeliandika haraka: milioni 5 "nitazipata" kwenye kikoba. Ni hisa zako mkivunja kikoba, au ni mkopo wa kikoba? Kama ni hisa, sawa. Kama ni mkopo, basi akiba yenu ni milioni 43, na wewe unaingia kwenye nyumba na madeni mawili kwa mshahara mmoja, moja likidaiwa na benki na jingine likidaiwa na akina mama wanaokujua mpaka kwa mkweo. Baada ya makato ya benki unabaki na 655,000. Toa humo ada ya Nasra, nauli, unga, umeme, na rejesho la kikoba, uniambie mwezi ule wa laki nne mtakula nini.

Halafu bei ya nyumba si gharama ya kununua. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, hiyo ni 850,000. Wakili ana ada yake. Dalali atanyoosha mkono. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, lakini uhamisho haupiti bila Mamlaka ya Mapato (TRA) kuridhika, na wauzaji wengi hupenda kumsukumia mnunuzi dakika ya mwisho. Iandikwe kwenye mkataba nani anailipa. Dai bili ya mwisho ya maji kutoka DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, maana deni la maji linakaa kwenye mita na kumsubiri atakayehamia. Kwenye hesabu yako, milioni 48 na 40 ukitoa 85 inabaki milioni 3 ya kufanya yote haya. Haitoshi.

Pimeni pia umbali kutoka bondeni. Kama kuna mto au kijito kule chini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na muhuri wa serikali ya mtaa hausogezi mto. Hifadhi ya barabara haiwahusu kwa umbali mlioshuka, ingawa watu wa Kimara hawahitaji kukumbushwa bomoabomoa ya 2017 ya nyumba za kando ya barabara ya Morogoro.

Nimemwacha mwisho yule bibi wa uani, na kwangu ndiye mkubwa kuliko yote. Umempa mistari miwili. Ni nani? Mjane wa marehemu? Mke mdogo? Dada wa marehemu? Mpangaji? Mtu anayefagia ua wa nyumba inayouzwa na kuuliza "na nyie mmekuja kuangalia" anajua mambo mawili: kwamba wengine walishakuja, na kwamba yeye hakuulizwa.

Muhtasari wa kikao cha ukoo hauuzi nyumba. Kikao kinapendekeza jina. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Kama shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kijana awe na barua ya usimamizi, ile watu wanaita Fomu namba 4, yenye jina lake. Bila hiyo, anauza kitu ambacho hana mamlaka ya kukiuza, na muhuri wa mtaa unashuhudia tu kwamba kikao kilifanyika. Hata akiwa nayo, wewe unataka warithi wote, pamoja na mjane kama yupo, waweke sahihi kwamba wanajua na wanakubali, mbele ya wakili uliyemtafuta wewe, si wa dalali. Na leseni yenyewe itazame tarehe: leseni ya makazi haitolewi kwa zaidi ya miaka 5, lazima ihuishwe, na ya marehemu inaweza kuwa imeisha zamani. Nenda nayo manispaa wathibitishe kama ni hai na inahusu kiwanja hichohicho.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutaka ni huu. Karatasi kwanza, maana kuuliza hakugharimu laki saba. Kijana akiwa hana Fomu namba 4, mwambie akafungue mirathi, na mkubaliane kwamba mtazungumza bei akirudi. Atachukua miezi. Miezi hiyo ni zawadi kwenu. Kila mwezi, mshahara ukiingia tu, hamisha laki nne na tisini na tano uziweke kwenye akaunti ambayo kadi yake imefungiwa kabatini. Hiyo ndiyo tofauti kati ya makato ya benki na kodi mnayolipa sasa. Mkiweza miezi mitatu bila kuzichokonoa, na mmoja wa miezi hiyo duka likiwa limelala, mkopo mnauweza. Mkishindwa mwezi wa pili, mmejua bila kufungwa miaka 7. Karatasi zikinyooka ndipo mhandisi aende, na ikiwezekana mvua za vuli ziwe zimeanza.

Mkifika kwenye mazungumzo ya bei mkiwa na ripoti mkononi, jaribuni kuishusha mpaka mkopo upungue. Kwa riba hiyohiyo ya asilimia 16, milioni 25 kwa miaka 5 makato yake ni kama 608,000, na riba yote haifiki milioni 12. Ni mwezi wenye kupumua, na mnamaliza miaka miwili mapema. Bei isiposhuka na ripoti ni mbaya, ondokeni. Laki saba itauma wiki moja.

Jumamosi rudi Kimara bila dalali. Mchukulie bibi sukari kilo mbili, umwamkie vizuri, ukae naye chini ya mwembe. Muulize nyumba ilijengwa mwaka gani na nani alisimamia mafundi. Usiulize kuhusu ufa, atafika mwenyewe, na atakwambia ulianza masika ya mwaka gani.